Mke Mwenza wa Mama

24 Februari

Daftari hili nimepewa na kituo chetu cha utafiti niandikie hali ya hewa ya vitalu. Hali ya hewa: jua kali, vumbi, mawingu ya kudanganya watu. Nimemaliza. Kurasa zilizobaki ni nyingi nami maneno ninayo, basi nitazitumia.

Kazi yangu ni kuhesabu kromosomu za migomba. Nimeifanya miaka ishirini na sita na bado majirani wanadhani napika dawa. Mgomba wa porini, ule ambao ndizi zake zimejaa mbegu ngumu kama changarawe, una kromosomu ishirini na mbili katika kila seli, jozi kumi na moja. Migomba mingi ambayo ndizi zake tunazila ina thelathini na tatu, yaani badala ya kwenda mbili mbili zinakwenda tatu tatu. Ndiyo maana hapa kituoni naitwa Bi Thelathini na Tatu. Wageni hudhani ni umri ninaojidanganyia.

Leo Daktari amekubali niuingize mgomba wa mama kwenye mradi. Daktari ndiye mkuu wa maabara yetu. Nimemzidi miaka kumi na mitano. Ananiita dada, nami namwita Daktari, na heshima inapita pande zote mbili. Mradi wetu ni kulinganisha maumbile ya kromosomu za migomba ya shambani na ya porini, tuone kipande gani kilihama kutoka wapi. Tuna aina mia moja na arobaini kituoni. Wa mama haumo.

Mama alikuja nao siku aliyoolewa, chipukizi moja mkononi, kutoka kwa mama yake. Baba akawa anawaambia watu kwamba ameoa wake wawili siku moja. Jina likaganda: Mke Mwenza. Enzi za uhai wa baba, mama akikasirishwa alikwenda kumsema kwa mgomba, kwa sauti, ili baba asikie. Sasa yapo mashina saba nyuma ya nyumba, kutoka jikoni mpaka kwenye ua, na sijauona mgomba huo mahali pengine popote.

27 Februari, Jumamosi

Jua. Alfajiri nilikata majani kitalu cha chini, kwenye ile migomba minane ya Daktari aliyoichanganya na ya porini. Kisha dereva wa kituo akanishusha kwa mama. Ncha za mizizi lazima zichukuliwe asubuhi seli zikiwa katika kugawanyika. Ukichelewa, jua likakaza, unabaki na mizizi mitupu; kromosomu huzioni. Saa hiyo haimsubiri mtu. Hata salamu nilizitoa nikiwa nimeinama.

Kwenye kila shina nilikata ncha sita za mizizi na kipande cha jani changa lililojisokota. Nikayapa mashina namba, moja mpaka tano, kuanzia jikoni. Sita na saba sikuyagusa, vichupa vilikuwa vimekwisha.

"Unamkata nini mke mwenzangu?" mama aliuliza.

"Vidole vya miguu."

"Na atatembeaje?"

"Anavyo vingi, mama."

Nikanywa chai. Mdogo wangu alikuwepo, ameegemea ukuta kama kawaida yake. Tangu apoteze kazi mjini anaishi na mama, anapunguzia majirani migomba yao kwa panga lake na jioni anakaa. Arobaini sasa. Simsemi, lakini namwona.

3 Machi

Jua. Vioo vinne, vyote vibaya. Ncha ya mzizi inalazwa kwenye asidi, inatiwa rangi, inafunikwa kioo, halafu unaibonyeza kwa dole gumba. Ukikaza, seli inapasuka na kromosomu zinatawanyika. Ukilegeza, zinalaliana kama nguo kwenye beseni. Dole gumba langu leo halikuwa na akili.

9 Machi

Mvua ya kwanza. Milimita kumi na nne. Kila mtu kituoni amekuwa na adabu ghafla.

12 Machi

Mvua asubuhi. Kioo cha tisa, kutoka shina namba tatu. Thelathini na tatu. Nimehesabu mara nne, kisha nikamwita Daktari naye akahesabu. Zimekaa zote mahali pake, hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Tangu nianze kazi hii sijapata seli safi namna hii.

15 Machi

Mvua kubwa. Leo tumezipaka rangi zinazowaka, kila ukoo wa porini na rangi yake, ili tujue kipande gani cha kromosomu kilirithiwa wapi. Daktari alitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Dada, hiki kijani kinafanya nini hapa?"

Jambo lenyewe liko hivi. Zamani sana kromosomu za migomba ya porini zilikatika hapa na pale, vipande vikabadilishana ncha. Kila ukoo ukakatika kwa namna yake. Watu wa kale wakapanda koo mbalimbali pamoja, zikachanganyika, na humo ndimo ilimotoka migomba yetu isiyo na mbegu. Haina mbegu kwa sababu kromosomu zake hazipati wenza. Mpe mtu viatu vitatu, kimoja kina soli ya mwenzake, umwambie apange jozi. Atapanga mpaka achoke. Kwa hiyo mgomba wa namna hii hauzai. Unajirudia tu kwa machipukizi, na mashina yote saba ya mama ni mgomba mmoja uleule aliokuja nao mkononi.

Sasa Mke Mwenza, kwenye ncha ya kromosomu ya tatu, ana kipande cha ukoo ambao katika aina zetu mia moja na arobaini hauonekani kwa mwingine yeyote. Daktari anasema huenda ndicho kiungo kinachokosekana katika hadithi nzima. Alikuwa anatembea huku na huku kama mtu aliyepata mtoto.

Nilimpigia mama simu. "Mke mwenzako ana kipande cha ukoo usiojulikana."

"Nilijua tu," mama akasema. "Yule hakuwa mtulivu."

20 Machi, Jumamosi

Mvua, milimita thelathini. Nilikwenda kumwonyesha mama picha. Sikumwonyesha.

Shina namba moja, lililo karibu na jiko, jani lake moja limelegea na kukunjika katikati kama mwavuli uliovunjika. Mama alidhani ni upepo. Nilikata kipande cha shina nikasubiri. Haukupita muda, ukatoka ute wa manjano kama usaha. Nilijua kabla sijakata.

Ni mnyauko. Hauna dawa. Unaingia kwa kisu kilichokata mgomba mgonjwa, au kwa wadudu wanaotembelea maua, na ukishaingia shina haliponi. Kinachowezekana ni kung'oa, kufukia na kukaa bila migomba miezi kadhaa. Haya nawafundisha wakulima kila wanapotembelea kituo; karatasi wanayopewa niliiandika mimi: kila shina moja, kisu kipite motoni.

Nikamgeukia mdogo wangu. Nilimuuliza panga lake limekata migomba ya nani wiki hizi. Akataja majirani watatu.

"Na motoni unalipitisha?"

"Nalichoma, dada. Kila shina."

"Kila shina! Wewe ambaye hata sufuria husuuzi?"

"Bwana shamba alitufundisha. Nalichoma."

Sikumwamini. Nilimwambia mengi, mengine yanahusu kazi ya mjini, ambayo hayakuhusu migomba. Mama alikuwa anatazama chini. Nililichukua panga lake, nikalifunga kwenye gunia, nikaondoka nalo. Mtu mzima nimemnyang'anya panga kama mtoto aliyekutwa na wembe.

Tulilifukia namba moja mvua ikitunyeshea.

22 Machi

Mvua. Panga liko chini ya meza yangu kazini. Makali yake ni meusi kwa masizi. Nimeliona nikalisukuma ndani zaidi.

27 Machi, Jumamosi

Mvua. Namba mbili.

Mama hakuniuliza dawa. Aliuliza kama itauma. Nikamwambia mgomba hausikii maumivu. "Sikuulizi yeye," akasema.

31 Machi

Mawingu tu. Nimempigia shangazi, ambaye mama amekumbuka kwamba alimpa chipukizi miaka mingi iliyopita. Aliung'oa mwaka juzi akapanda parachichi. Alinisimulia habari za parachichi kwa dakika kumi na mbili. Nilimshukuru.

3 Aprili, Jumamosi

Mvua tangu alfajiri. Namba tatu, ambayo ndiyo ile ya kioo kizuri. Ndizi zake zilikuwa zimeiva kabla ya wakati, na ndani zina kutu.

Nimechukua machipukizi kutoka sita na saba, yaliyo kwenye ua, ambayo bado ni ya kijani kabisa. Nimeyapeleka kwa mwenzangu wa chumba cha chupa. Yeye huchonga chipukizi mpaka kibaki kiini kidogo kama punje ya mchele, akakikuza ndani ya chupa safi. Nimemwomba kama naomba figo. Amepata viini kumi na viwili.

"Kama ugonjwa umeshaingia utajionyesha," alisema. "Chupa itachafuka. Kama haikuchafuka kwa wiki sita, umepata mgomba wako."

Kumi na mbili. Nimeandika tarehe kwenye kila chupa kwa mkono wangu.

8 Aprili

Mvua, milimita arobaini na moja, nyingi kuliko siku zote za msimu huu.

Daktari alituita kitalu cha chini. Migomba yake minane, kazi ya miaka minane, yote ina mnyauko. Mtunza kitalu analia. Anasema majani ya kwanza yalilegea mwishoni mwa Februari, akadhani ni kiu, maana jua lilikuwa kali, akamwagilia, akanyamaza. Daktari hakumgombeza. Alisema tu, "Ng'oeni," akaenda kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mvua ikimpiga. Nami nilisimama pale na mwavuli wangu nikiwa nahesabu. Mimi huhesabu hata nisipotaka.

Mwishoni mwa Februari. Tarehe 27 Februari alfajiri nilikata majani pale. Migomba yote minane. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mama.

Nilirudi maabara nikafunua daftari hili. Sikuandika popote kwamba nilikisafisha kisu, na mimi huandika kila kitu. Nikajaribu kukumbuka. Chupa ya spiriti ilibaki kwenye gari la dereva. Niliikumbuka nikiwa namba moja, nikaona saa, nikasema nikimfuata dereva mizizi itapitwa na wakati. Nikainama nikakata. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Namba moja ndiyo iliyougua kwanza, kisu kikiwa kimejaa ugonjwa. Ikafuata mbili. Ikafuata tatu. Ugonjwa wa jirani ungeanzia upande wa ua, uliko shamba la jirani. Huu umeanzia jikoni na unafuata namba zangu, kwa mpangilio, kama watoto wanaoitwa mahudhurio.

Nyani haoni kundule. Nimemvua mdogo wangu nguo mbele ya mama yake kwa kosa langu mwenyewe. Na la kuudhi zaidi, ningeweza siku ile kuchimba chipukizi moja zima kwa ajili ya kituo. Sikulihitaji. Nilihitaji seli zinazogawanyika. Nilichukua ncha thelathini za mizizi na vipande vitano vya majani, nikazitia zote kwenye asidi, zikafa salama.

Najua sasa namba nne ni lini. Naweza kuiandika kwenye kalenda.

10 Aprili, Jumamosi

Mvua. Namba nne. Nilikwenda nikiwa nimejitayarisha kusema. Mdogo wangu alikuwa ameshachimba shimo kabla sijafika, kwa jembe, maana panga ninalo mimi. Nikaona aibu, na aibu ikanifunga mdomo. Nikasaidia kufukia, nikanywa chai, nikaondoka.

13 Aprili

Mvua. Chupa mbili zimechafuka.

14 Aprili

Mvua. Chupa ya tatu.

17 Aprili, Jumamosi

Sikwenda. Nilimwambia mama nina kazi. Akasema, "Kazi ni kazi. Namba tano tumeshamzika." Ameanza kutumia namba zangu. Sikupenda.

21 Aprili

Mvua. Chupa tano kwa siku moja. Mwenzangu wa chumba cha chupa alizipanga mezani mbele yangu: maji yenye ukungu kama ya mchele uliorowekwa. Ana tabia ya kuimba akifanya kazi, leo hakuimba. Zimebaki nne. Nilimuuliza kama hakuna dawa ya kutia. Akasema ametia zote alizo nazo, na nyingine inaua mgomba kabla ya ugonjwa.

Niko kwenye jengo lenye mashine nne za kukuza, majokofu sita na watu watatu wenye shahada za mgomba. Nimekaa kwenye kiti nikitazama chupa.

24 Aprili, Jumamosi

Jua kidogo mchana. Shina la sita lina jani moja lililolegea.

Sikulikata mimi hilo. Lakini mkungu wake ulikuwa na ua, na nyuki hawana ubaguzi. Wametoka kwa namba tano wakaenda kwa sita. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Nilitaka liwe upepo. Nilijikuta nalisukuma jani juu kwa mkono, kama mtu anayemwinua mlevi, nalo likirudi palepale.

"Liache," mdogo wangu akasema. "Unajichosha bure."

28 Aprili

Mvua. Daktari ananiomba niandae picha ya kioo cha tisa kwa ajili ya makala. "Angalau tunayo kwenye kioo, dada," alisema. Nilimchukia kwa muda wa dakika nzima. Angalau! Halafu nikamwona amevaa viatu vilevile vya kitalu cha chini, hajavisafisha tangu siku ile, udongo umekaukia. Miaka minane. Hana hata kioo kimoja cha ile migomba minane, kwa sababu majani niliyomkatia yalikuwa na ugonjwa na ilibidi yachomwe. Anajaribu kunifariji kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hana.

Nikamwambia kuhusu kisu. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Akasema, "Dada, hata mimi siku zile nilikuwa nasahau." Sijui kama ni kweli. Nilimshukuru kwa vyovyote.

3 Mei

Mvua. Chupa mbili. Zimebaki mbili.

8 Mei, Jumamosi

Mvua nyepesi. Nimelirudisha panga. Nilimkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba anachimba mfereji wa maji ili yasitiririke kutoka kwenye mashimo kwenda kwa namba saba. Nilimpa gunia.

"Hukuwa wewe," nikamwambia. "Nilikuwa mimi. Kisu changu."

Alilifungua gunia, akapitisha dole gumba kwenye makali. "Limeshika kutu."

"Nisamehe."

"Nilikwambia nalichoma."

"Uliniambia."

Akaenda kulinoa. Nilimfuata, nikakaa karibu naye, nikamsikiliza akinoa. Zamani tulikuwa tunakaa hivi tukimsubiri baba. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikimwona mtu aliyeegemea ukuta. Sikufikiria kwamba kila jioni anapokaa pale anakuwa ametoka kwenye mashamba ya watu, wala sikujua kwamba hakuna jirani hata mmoja kati ya wale watatu mwenye mnyauko. Nilikwenda kuwauliza, mmojammoja. Migomba yao ni ya kijani mpaka inaudhi.

"Umemwambia mama?" aliniuliza.

"Bado."

"Mimi simwambii. Hilo ni lako."

14 Mei

Mvua. Chupa moja imechafuka. Imebaki moja.

16 Mei

Moja. Safi. Imetoa kijani kidogo.

17 Mei

Wiki sita tangu tuzijaze zilitimia juzi, na imebaki safi. Mwenzangu wa chumba cha chupa anasema tusubiri kidogo zaidi, nisiyachukue maneno yake kuwa sheria. Kiini kina jani dogo lenye ukubwa wa kucha. Ninakwenda kuitazama kila baada ya saa moja. Leo amenifukuza, akasema naifukuzia bahati.

Mama alipiga simu. Nilimwambia ipo moja. Akasema, "Moja ndiyo niliyokuja nayo."

22 Mei

Mvua nyingi. Asubuhi maji ya chupa yalikuwa meupe.

Sina la kuandika. Milimita ishirini na sita.

23 Mei

Mvua.

24 Mei

Mvua. Leo nilikwenda kazini nikafungua sanduku la vioo, nikatoa kioo cha tisa, nikakiweka chini ya hadubini. Thelathini na tatu. Ncha ya kijani ipo mahali pake, inawaka vizuri. Nilitazama mpaka jicho likaanza kutoa machozi, na mtu akipita angedhani ni taa. Nimepewa karibu kila kitu kuhusu mgomba huu. Najua umbo la kila kromosomu, najua wapi ulikatika na kuungwa maelfu ya miaka iliyopita. Siwezi kuutengeneza hata unywele wake mmoja wa mzizi.

26 Mei

Mama amepiga simu. Namba saba.

29 Mei, Jumamosi

Jua. Ardhi bado imeloa lakini mbingu iko wazi, na wakulima njiani walikuwa wanasalimiana kwa furaha kwamba msimu umekuwa mwema.

Mdogo wangu alichimba. Mimi nilikata, na kila nilipokata nilikipitisha kisu kwenye spiriti, ingawa hakuna mgomba mwingine uliobaki wa kuambukiza. Shina la saba lilikuwa na machipukizi manne, mazuri, yamenyooka. Tuliyapasua moja baada ya jingine tuone. Yote yalitoa usaha. Tulifukia. Mdogo wangu alikwenda kuoga, nafikiri kwa makusudi.

Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anabandua udongo kwenye jembe kwa kijiti. Nyuma ya nyumba pamekuwa peupe, unaona moja kwa moja mpaka kwa jirani. Nilikaa chini miguuni pake.

"Mama, panga la mdogo wangu halikuwa na kosa."

"Najua."

"Ni kisu changu. Siku ile ya mizizi nilitoka kwenye migomba migonjwa ya kituo. Sikukisafisha."

Hakushtuka. Aligeuza jembe upande wa pili.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona?"

"Nilikuwa nimekaa hapahapa. Ulitoka shina hili ukaenda lile, kisu hichohicho. Nikamtazama mdogo wako, naye akanitazama."

"Na hamkusema?"

"Tuseme nini, mwanangu? Wewe ndiye unayewafundisha watu." Alikwangua bonge la udongo. "Nikasema moyoni, labda visu vyao ni vya namna nyingine."

"Ni kama vyenu, mama."

Alitikisa kichwa taratibu. Aliendelea na jembe mpaka chuma kikaonekana, akaliegemeza ukutani, akajifuta mikono.

"Ningejua," alisema, "ningekuletea kaa la moto."